Bendi ya Can na Hofu ya Kipindi cha Muziki

Wanachuo warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha, ni desturi yetu kupitia maandalio yao ya masomo ukurasa kwa ukurasa. Hesabu zimeandaliwa vizuri, Kiswahili kimeandaliwa vizuri, sayansi vivyo hivyo. Kipindi cha muziki ndicho kisichoonekana. Ama kimeachwa kitupu, ama kimemezwa na hesabu, ama kimeandikwa "kuimba" bila ya neno jingine. Tukiwauliza wahusika, jibu lao ni moja: hawajui kusoma noti, na shule waliyopelekwa haina hata kinanda kibovu. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba muziki ni mali ya wenye noti aweza kufundisha miaka thelathini bila ya kuugusa, na watoto wote watakaopita mikononi mwake wataondoka na imani hiyo hiyo. Hilo ndilo lililotusukuma kuandika juu ya bendi moja ya Wajerumani iitwayo Can, ambayo tumeisikiliza kwa miaka mingi, ingawa si wenzetu wengi hapa chuoni waipendao.

Can iliundwa katika mji wa Cologne mwaka 1968. Irmin Schmidt, mpiga kinanda, alikuwa amesomea kuongoza okestra. Holger Czukay, mpiga gitaa la besi, alikuwa kama Schmidt mwanafunzi wa mtunzi mashuhuri Karlheinz Stockhausen. Jaki Liebezeit, mpiga ngoma, alitoka katika jazi. Watatu hawa walikuwa wamefika umri wa miaka thelathini, umri ambao mtu huwa ameshapata kazi na jina na hapendi kuanza upya. Wa nne, Michael Karoli, alikuwa kijana wa miaka ishirini mwenye gitaa. Yatupasa tusimame kidogo hapa, kwa kuwa Karoli alikuwa mwanafunzi wa Czukay. Czukay alikuwa mwalimu wa muziki, na muziki wa roki haukuwa na thamani machoni pake mpaka siku mwanafunzi wake alipomsikilizisha wimbo mmoja wa Beatles wa mwaka 1967. Mwalimu akasikia ndani yake mambo ambayo kwa Stockhausen aliyahesabu kuwa ni elimu ya juu, akabadili njia. Hatujui mfano mwingine ulio wazi zaidi wa mwalimu kufundishwa na mwanafunzi kisha wawili hao wakafanya kazi sawa kwa sawa. Nyimbo zao walizitia jina la bendi nzima. Hapakuwa na kiongozi wala mtunzi mkuu.

Lakini atakayeanza kuwasikiliza amsikilize kwanza Liebezeit. Katika jazi aliyokuwa akiipiga hapo awali, ile inayoitwa jazi huru, kurudia pigo lile lile kulihesabiwa karibu kuwa aibu. Yeye alichoka na uhuru huo usioruhusu kurudia, akafanya kinyume chake. Katika santuri mbili za Tago Mago, zilizotolewa mwaka 1971, mna wimbo uitwao Halleluhwah wa dakika kama 18, na tangu mwanzo hadi mwisho mpiga ngoma hushikilia mwendo mmoja. Msikilizaji mgeni husema, "Mbona harudi wala haendi?" Baada ya dakika tano hunyamaza. Baada ya dakika kumi husikia kwamba mwendo ule haukuwa mmoja: mkono umekuwa mzito mahali fulani, umekuwa mwepesi pengine, gitaa limepita juu yake na kuugeuza sura.

Mambo haya si mageni kwetu. Katika ngoma zetu nyingi, ngoma moja hushika mwendo usiobadilika na nyingine huzungumza juu yake, na mpigaji wa ile ya kwanza hadharauliwi na mtu. Kinachostahili kuzingatiwa na mwalimu wa darasa la kwanza ni tofauti ya kurudia na kurudia. Yuko mwalimu anayerudia silabi kwa sauti ya mtu aliyesinzia, na watoto husinzia pamoja naye. Yuko mwingine anayerudia silabi zile zile huku akisikiliza kila mara ni mtoto gani amezipata na ni nani bado, na kwa kusikiliza huko sauti yake hubadilika bila yeye kukusudia. Wote wawili wameandika jambo moja katika andalio la somo. Tofauti yao mkaguzi hawezi kuiona katika karatasi.

Kuhusu vifaa, tungependa wanachuo wajue yafuatayo. Mwanzoni Can walifanyia kazi katika ngome ya kale ya Nörvenich, kisha wakahamia katika jumba la sinema lililokwisha kufungwa, kijijini Weilerswist. Ili kuzuia mwangwi walitundika kutani magodoro ya jeshi yapatayo 1500. Hadi katikati ya miaka ya 1970 walikuwa wakinasa sauti kwa mashine za njia mbili tu, wakati ambapo bendi nyingine kubwa zilikwisha kupata za njia kumi na sita. Walipiga kwa saa nyingi bila ya kupanga; Czukay aliacha mashine ikizunguka hata wenzake walipodhani wanapumzika; kisha alikaa na utepe, akachagua, akakata na kuunga vipande. Hatusemi kwamba uhaba ni jambo jema. Shule isiyo na vifaa inastahili kupewa vifaa, na kila mmoja wetu aendelee kuvidai. Tunasema tu kwamba hawa walikuwa na njia mbili, magodoro na masikio, na zile saa za kuchagua zilikuwa nyingi kuliko zile za kupiga.

Waimbaji wao nao wana habari yake. Wa kwanza, Malcolm Mooney, alikuwa mchongaji wa sanamu kutoka Marekani. Wa pili, Damo Suzuki, kijana wa Kijapani aliyekuwa akizurura Ulaya, walimkuta akiimba barabarani mjini München mwaka 1970, wakamwalika aimbe nao jukwaani usiku ule ule. Aliimba kwa kuchanganya lugha, na maneno mengine hayakuwa ya lugha yoyote. Mtoto mdogo akicheza peke yake hufanya hivyo hivyo, nasi aghalabu tunamwambia anyamaze.

Mwaka 1972 walitoa santuri iitwayo Ege Bamyasi. Jina hilo ni la Kituruki, na jaladani mna picha ya kopo la bamia. Tulipowaonyesha wanachuo picha ile walicheka sana, kwa kuwa neno lenyewe ni letu pia, na bamia walikuwa wamezila mchana ule. Katika santuri hiyo mna wimbo Spoon, uliotumiwa katika mchezo wa televisheni na kuuzwa kwa wingi Ujerumani. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo santuri ya kuanzia, kwa kuwa nyimbo ni fupi na ngoma inasikika waziwazi.

Suzuki aliondoka mwaka 1973 na bendi ikavunjika mwishoni mwa muongo ule, ingawa walikutana tena na kutoa santuri moja mwaka 1989. Mauzo yao hayakulingana hata kidogo na ya bendi kubwa za Uingereza. Hata hivyo waliowafuata hawahesabiki kwa urahisi. Bendi ya Kiingereza The Fall ilitoa mwaka 1985 wimbo wenye jina la Damo Suzuki. Radiohead wamepiga wimbo wao mmoja jukwaani. Marekani kuna bendi iliyojiita Spoon kutokana na ule wimbo, na nyingine iliyojiita The Mooney Suzuki kwa majina ya waimbaji wale wawili. Kanye West alichukua kipande cha wimbo wao katika santuri yake ya mwaka 2007. Hao ni watu wasiofanana kwa lolote. Tumejiuliza kwa nini, na jibu tulilolipata ni kwamba Can hawakuacha mtindo wa kuigwa. Waliacha namna ya kufanya kazi, nayo mtu yeyote aweza kuichukua akaenda nayo kwake.

Isifikiriwe kwamba tunapenda kila walichofanya. Katika ile Tago Mago mna kipande cha dakika 17 chenye vilio na mivumo, nasi hatujapata kukisikiliza hadi mwisho kwa furaha. Wala asije mwanachuo akasema, "Basi kila mtoto apige apendavyo, mwalimu amesema." La hasha! Czukay na Schmidt walizijua noti kabla ya kuziweka kando, na Liebezeit hakupata kuacha mwendo ili ajionyeshe. Uhuru wa Suzuki ulisimama juu ya ngoma isiyotikisika. Darasani, ngoma hiyo ni mwalimu.

Muhula uliopita tuliwachukua wanachuo ishirini na wanne hadi ukumbi wa chakula, tukawapa meza, vijiko, ndoo mbili na sufuria moja. Tuliwapa sharti moja: mmoja ashike mwendo, na wengine wasiingie mpaka wawe wamemsikiliza kwa dakika mbili kamili. Dakika hizo mbili ziliwashinda wengi. Walicheka, wakagongagonga, tukaanza upya mara tatu. Aliyeshika ndoo alikuwa dada mmoja ambaye katika mazoezi ya kufundisha hakuandaa hata kipindi kimoja cha muziki. Mara ya nne walisikiliza. Wakaingia mmoja mmoja, kwanza vijiko, kisha viganja mezani, na mwishowe kaka mmoja akaanza kuimba majina ya stesheni za reli kutoka kwao hadi chuoni, akiyarudia kwa kuyageuza. Hapakuwa na noti hata moja. Walipiga kwa dakika ishirini na mbili. Kengele ya chakula ilipolia, wengi waliondoka kwenda kupanga foleni, na yule dada akabaki na ndoo yake pamoja na watu wa vijiko, wakiwa bado wanasikilizana.