Gerezani, kwa mwenye pikapu kuukuu

Ukipita Gerezani, Dar es Salaam, utasikia nyundo kabla hujaiona gereji. Ikiwa pikapu yako kuukuu inawarusha wanao kitini, usikubali fundi apunguze mabamba ya springi. Italainika, naam, lakini siku utakapopakia magunia itadidimia nyuma, magurudumu ya mbele yawe mepesi, usukani usikutii. Mabamba yaliyobaki nayo yaweza kukatika njiani. Mwambie ayafungue, ayasugue kutu, ayapake grisi, kisha abadili bushi zilizolika na shokapu zinazovuja mafuta. Tazama pia tairi za nyuma: upepo uliojazwa kwa ajili ya mzigo huligongesha gari tupu. Upunguze kwa kipimo, si kwa teke la kiatu! Kabla ya kupakia tena, uujaze.