Gari Kuukuu Lapanda Nyungwe

Mji wa Kamembe, katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, umekaa juu ya kilima. Kutoka hapo barabara huteremka kwa mizunguko mpaka Cyangugu ya zamani, iliyo ukingoni mwa Ziwa Kivu, pale Mto Rusizi unapotoka ziwani na kuanza safari yake ya kwenda Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, katika nchi ya Kongo. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini katika soko la Kamembe lugha hiyo haikungojea ruhusa ya mtu. Wachuuzi walikwisha kuitumia miaka mingi kabla, ikiwa imechanganyika na Kinyarwanda na maneno ya Kifaransa. Kwa fundi wa magari wa huko spea ni piyesi, na plagi ni bujii.

Ni nchi yenye kulijaribu gari. Kusini, bonde la Bugarama lenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji liko kwenye mwinuko wa kiasi cha meta 1,000 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni la kutoa jasho hata asubuhi. Mashariki, barabara ya kwenda Huye, ambayo wazee bado huiita barabara ya Butare, hupanda kupitia msitu wa Nyungwe na kufikia kiasi cha meta 2,500. Kamembe iko katikati ya viwili hivyo. Dereva wa Rusizi, aende soko la mpunga au aende bara, hapana budi apande mlima au aushuke.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini hapo alinunua Toyota Corolla ya mwaka 1999. Gari hilo lilikuwa limeletwa kutoka Ubelgiji zamani, usukani ukiwa kushoto kama sheria ya Rwanda inavyotaka, na mita yake ilionyesha kilomita 318,000. Bei ilikuwa faranga milioni 2 na laki 6. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, Umwalimu SACCO. Sehemu iliyobaki ilikuwa mtaji wa mkewe, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo waliotolewa Tanganyika na kupandikizwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mapatano ya nyumbani yalikuwa wazi. Kila Jumamosi gari litapeleka sambaza wakavu Bugarama na kurudi na mchele. Likishindwa kazi hiyo kwa miezi mitatu, litauzwa, na mama atarudishiwa fedha zake kwanza.

Mwalimu hakuwa amepata kushika spana maishani mwake. Hata hivyo kabla ya kulipa alifanya mambo mawili ambayo wanunuzi wengi wenye haraka huyaacha. Kwanza alichukua kadi ya njano ya gari, akafungua boneti, akalinganisha namba ya chasisi na ile iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu moja baada ya nyingine. Askari polisi wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuelezwa kwa nini. Pili aliitazama mita ya kilomita kwa mashaka. Mita huweza kurudishwa nyuma, bali mpira wa pedali ya klachi haurudishwi, wala ngozi ya usukani iliyolainika kwa mikono ya watu. Katika gari hili pedali ilikuwa imelika hadi kwenye chuma na kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja, kwa hiyo zile 318,000 zilielekea kuwa za kweli. Kilomita nyingi zinazojulikana ni afadhali kuliko chache za uongo.

Baada ya kununua, alikosea. Wiki ya kwanza alinunua redio na vitambaa vipya vya viti. Mkewe alitazama, asiseme kitu, ila alifungua daftari la shule, akachora mistari, akaandika juu yake: Gari. Tangu siku hiyo kila faranga iliyotoka iliandikwa humo, na redio ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika orodha.

Jumamosi ya pili walikwenda Bugarama. Kushuka kulikuwa kwema. Wakati wa kurudi, wakiwa na magunia mawili ya mchele na watoto wawili nyuma, mshale wa joto ulianza kupanda kwenye kilima cha tatu. Mwalimu, kwa kutojua, aliendelea. Punde mvuke ukatoka chini ya boneti na maji yakamwagika barabarani. Alishuka mbio akiwa na kitambaa mkononi, tayari kuufungua mfuniko wa rejeta. Mwanajeshi mmoja aliyekuwa akipita kwa miguu akielekea likizo alimpigia kelele: "Mwalimu, usiguse! Utaungua uso!" Wakakaa kando ya barabara kwa muda wa saa nzima hadi injini ilipopoa. Wakaongeza maji ya dumu, wakafika Kamembe usiku, wakisimama kila baada ya kilomita chache. Katika daftari mama aliandika tarehe tu.

Fundi wa kwanza aliyeonyeshwa gari, kijana hodari wa maneno, aliamua papo hapo: gasketi ya silinda hedi imeungua, injini ifunguliwe. Gharama aliyoitaja ilitosha kuumaliza mtaji wote wa sambaza. Mwalimu alirudi nyumbani asiweze kula. Ilikuwa mkewe aliyesema, "Baba watoto, hata hospitali mtu hapasuliwi kabla ya kupimwa. Mpeleke kwa mzee."

Mzee huyo alikuwa fundi wa siku nyingi aliyefanya kazi chini ya mwembe. Hakufungua injini. Alivuta kijiti cha kupimia oili, akatazama kama oili imegeuka rangi ya maziwa, maana maji yakiingia ndani ya oili huipa rangi hiyo. Ilikuwa nyeusi, lakini safi kwa maji. Aliliwasha gari likiwa baridi, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, akaangalia kama mapovu yanatoka mfululizo, kwa sababu gasketi iliyoungua husukuma moshi wa silinda ndani ya maji. Hayakutoka. Akaenda nyuma kutazama moshi: haukuwa mweupe wenye unyevu. Ndipo akauchukua ule mfuniko, akaugeuza, akaubonyeza kwa kidole gumba. Springi yake ilikuwa imelegea kama kamba, na mpira wake umepasuka.

"Mwalimu," akasema, "wewe hufundisha watoto kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa kwetu je?"

Swali hilo lilikuwa na kiini cha mambo yote. Kadiri mtu anavyopanda, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema. Usawa wa bahari ni nyuzi 100. Kamembe ni 95 hivi. Juu ya Nyungwe ni 92 hivi. Mama wa nyumbani wa milimani huyajua haya kwa maharagwe yake yasiyoiva. Injini, kwa upande wake, hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa baina ya nyuzi 85 na 95, na juu ya mlima huku ikivuta mzigo hupita hapo. Mfuniko wa rejeta, basi, si kizibo cha chupa. Springi yake huyabana maji mpaka yaweze kupita nyuzi 110 bila ya kuchemka. Ukilegea, gari hilo hilo ambalo Dar es Salaam lingetembea bila ya kulalamika litachemka katika kilima cha Rusizi.

Mfuniko mpya uligharimu faranga 6,000. Mzee aliongeza kazi moja ambayo haikugharimu kitu: aliichomoa rejeta na kuiosha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, akitoa udongo na mabawa ya wadudu yaliyoziba matundu ya kupitishia hewa. Kisha akaamuru yamwagwe maji ya bombani yote na kutiwa maji maalumu ya rejeta, yasiyoleta kutu.

Kutoka hapo mwalimu akawa mwanafunzi. Kila jioni baada ya kusahihisha madaftari alikwenda chini ya mwembe. Jambo la kwanza alilofundishwa ni kutoingia kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Magogo mawili imara yawekwe chini ya chasisi na mawe nyuma ya magurudumu, ndipo mtu alale. Mzee hakueleza sababu, alionyesha tu mkono wake wa kushoto, uliokosa vidole viwili. Jambo la pili lilikuwa mkanda wa taimingi. Katika injini ya namna hii hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na mwenye gari wa zamani hakuweza kusema ulibadilishwa lini. Kisichojulikana kihesabiwe kuwa hakijafanyika, akasema mzee, na mkanda ukabadilishwa. Kisha matairi: ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi la akiba lilisomeka 1109. Lilikuwa na kashata nzuri, lakini lilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na mpira wake umepasuka kama udongo wa kiangazi.

Jambo kubwa lilikuwa breki. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakiisha kunyonya huchemka kwa joto dogo zaidi. Katika mteremko mrefu, dereva akikanyaga breki bila ya kupumzika, yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubonyea: pedali hushuka hadi sakafuni na gari haliitikii. Magari mangapi yametumbukia katika makorongo ya nchi za milima, na watu wakasema dereva alisinzia! Silinda ya gurudumu la nyuma la kulia nayo ilikuwa ikivuja. Ilibadilishwa, mafuta mapya yakatiwa, na upepo ukatolewa gurudumu kwa gurudumu, mama akikanyaga pedali na mwalimu akiwa chini na spana namba 10. Oili iliyomwagwa ilikusanywa katika dumu. Mzee hakuruhusu hata tone lielekee mtaroni, kwa maana mitaro ya Kamembe huishia ziwani, na ziwani ndiko sambaza waliko.

Mwezi wa tatu ulipokaribia, ilibaki kwenda kwenye ukaguzi wa magari wa Polisi ya Taifa. Tangu mwaka 2021 kituo kimoja kimo Huye, hivyo wa Rusizi hawalazimiki kufika Kigali, lakini ni kuvuka Nyungwe kwenda na kurudi. Walitoka alfajiri, mume na mke. Walipita mashamba ya chai ya Gisakura yakiwa bado na ukungu, kisha msitu ukawafunika. Nyungwe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ina zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Mvua inayonyesha upande mmoja wa mgongo wake hwenda mto Kongo, na ya upande wa pili hwenda Naili. Kima walikuwa wamekaa kando ya lami kama watu wangojao basi. Mwalimu hakuwatazama. Alitazama mshale wa joto, nao ulisimama katikati, ukapanda kidogo katika kilima cha mwisho, ukarudi.

Huye gari lilishindwa. Taa zilikuwa sawa, moshi sawa, breki za miguu sawa, ila breki ya mkono ilishika gurudumu moja kuliko la pili. Mwalimu hakutafuta fundi. Aliegesha kando ya mji, akaweka mawe na magogo aliyokuja nayo, akakaza waya wa breki mwenyewe kwa muda wa saa moja na nusu, mkewe akimshikia tochi ingawa ilikuwa mchana. Kesho yake gari lilipita.

Wakati wa kurudi mvua ilinyesha msituni. Kutoka kileleni hadi Gisakura aliteremka kwa gia ya tatu, na kwenye kona kali kwa gia ya pili, injini ikilishika gari, mguu ukigusa breki kwa vipindi vifupi. Lori moja liliwapita kwa kasi likipiga honi. Chini kabisa alisimama, akatoka mvuani, akakisogeza kiganja karibu na kila gurudumu kupima joto. Aliporudi ndani mama alikuwa amekwisha kufungua daftari, akiandika ada ya ukaguzi na bei ya chakula cha Huye. Kisha akauliza kama Jumamosi gari litaweza kuchukua magunia matatu badala ya mawili.

"Mawili," akasema mwalimu, akatia gia.