Risasi Gani kwa Elki?

Mwalimu wa Kiswahili katika Uganda hujifunza mapema kwamba wako watu ambao, wakiisikia lugha yake, hukumbuka bunduki. Sababu zake zajulikana. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za King's African Rifles wakati wa ukoloni. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walikuwa wamekwisha kukisikia kinywani mwa askari. Na hata baada ya Baraza la Mawaziri kuafiki, Julai 2022, kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni, bado tunao wazazi wanaotuuliza kwa upole kama hatuna somo jingine la kuwapa watoto wao. La ajabu ni kwamba lugha hii inayoshtakiwa kwa bunduki, humu mwetu haina maneno mengi ya kuisemea bunduki yenyewe. Tulirithi amri: simama, lala chini, mikono juu. Hatukurithi maneno ya mtu anayeketi na kupima.

Jambo hili lilitudhihirikia mwaka jana, tulipopata barua ya mwanafunzi wetu wa zamani. Tulimfundisha katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yeye na nduguze, walipokuwa wametoka Kivu ya Kusini. Kisha familia nzima ilipelekwa Missoula, mji wa jimbo la Montana huko Marekani, ambako Wakongo wamekuwa wakipokewa tangu 2016. Katika jimbo hilo, tangu mwishoni mwa Oktoba kwa muda wa majuma matano, ni msimu wa kuwinda kwa bunduki. Wenzake wa kazini walimwalika kwenda nao milimani kumwinda elki. Mafunzo ya wawindaji, ambayo sheria ya Montana humlazimu kila aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985, alikuwa amekwisha kuyahitimu. Lililobaki ni bunduki, na hasa risasi yake. Walimtajia tatu: 7mm Remington Magnum, .300 Winchester Magnum na .338 Winchester Magnum, kila mmoja akiisifu ya kwake.

Hakutuandikia kwa kudhani kuwa sisi ni wawindaji. Alituandikia kwa sababu ya baba yake, mzee aliyezikimbia bunduki za Kivu kwa miguu, na ambaye Kiingereza hakijamkaa. Mzee alikuwa amemwambia: "Kabla hujakileta kitu hicho nyumbani mwangu, nieleze kwa lugha ninayoielewa ni kikubwa kiasi gani, na kwa nini." Kijana akajaribu, akakwama. "Shikamoo Mwalimu," alianza barua yake, "nisaidie maneno."

Neno la kwanza ni la mnyama mwenyewe. Ukimwita elki kulungu, msikilizaji ataona mnyama mdogo wa kichakani. Ukimwita pofu utaukaribia ukubwa lakini utapoteza pembe, maana pofu huishi na pembe zake hadi kufa, hali elki dume huziangusha kila mwaka na kuotesha nyingine zenye matawi. Waingereza nao wana matata yao: huko Ulaya jina hilo hilo ni la mnyama mwingine kabisa, mkubwa zaidi na mwenye pua ndefu, na ndiyo maana wapo wanaopendelea kumwita wapiti, neno la Wahindi Wekundu wa kabila la Shawnee. Sisi tuliacha elki, tukaongeza maelezo. Dume la Milima ya Rocky hufikia kilo 300 na zaidi, mfupa wa bega lake ni mnene, na akipigwa vibaya anaweza kuvuka bonde zima kabla hajaanguka, au asionekane tena. Hapo ndipo uteuzi wa risasi unapokuwa jambo la uzito. Mtu hachagui kwa fahari. Anachagua ili mnyama afe upesi na nyama ifike jikoni.

Neno la pili lilitupa kazi zaidi. Risasi tulilipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni jina la madini yale mazito ya kijivu. Kwetu limebeba mizigo mitatu: madini, kile kinachoruka, na kitu kizima kinachotiwa bundukini. Mzee alipouliza ukubwa, aliulizia ukubwa wa kipi? Tulimwendea jirani yetu aliyewahi kuwa askari, tukapatana naye hivi. Kitu kizima tukiite risasi. Kinachoruka tukiite kichwa. Chombo cha shaba kinachoshika vyote ni ganda; ndani yake mna baruti; na kitakoni pake mna fataki, inayogongwa na kuwasha. Maneno yote haya ni ya zamani, hatukubuni hata moja. Yakitenganishwa hivyo, maelezo yanakuwa mepesi.

Magnum maana yake katika Kilatini ni kubwa, na kabla ya kuingia katika bunduki neno hilo lilikuwa tayari jina la chupa ya mvinyo ya lita moja na nusu. Mfano huo wa chupa unafaa. Kikubwa hapo ni ganda, yaani nafasi ya baruti, wala si lazima kichwa. Nasaba yenyewe inapita karibu nasi. Kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa .375 mwaka 1912, risasi iliyokuja kuwa mashuhuri mno miongoni mwa wawindaji wa Afrika ya Mashariki. Ganda lake lilikuwa na mshipi, yaani pete nene karibu na kitako, ili likae mahali pake ndani ya bunduki, kwa kuwa mabega yake yalikuwa yameteremka mno. Kutoka kwake ilizaliwa .300 ya kampuni hiyo hiyo mwaka 1925. Kisha Wamarekani wakalichukua ganda, wakalifupisha na kulipa mabega:.338 mwaka 1958, 7mm mwaka 1962, .300 Winchester mwaka 1963. Mshipi ukabaki, ingawa mabega hayo mapya yangeweza kuifanya kazi yake. Tunawajua wanyambulishaji wa lugha wenye tabia hiyo hiyo, wanaobakiza kiambishi kilichokwisha kufa.

Sasa vipimo. Tuliambatanisha na .30-06, risasi ya mwaka 1906 isiyoitwa magnum, ambayo imewaangusha elki kwa zaidi ya miaka mia, ili mzee apate pa kuanzia. Hiyo hurusha kichwa cha gramu 11.7 kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde. .300 Winchester hurusha kichwa kile kile kwa mita 900. 7mm hurusha kwa mwendo kama huo kichwa cha gramu 10.4, chembamba zaidi. Na .338 hurusha kichwa cha gramu 14.6 kwa mita 850 hivi. Kwa nguvu zinapotoka mtutuni, .30-06 ina jouli kama 4,000, 7mm 4,200, .300 jouli 4,750, na .338 jouli 5,300. Kwa macho ya mwenye duka, jibu ni .338, na biashara imekwisha.

Lakini elki hasimami mdomoni mwa mtutu. Bunduki ya .300 ikirekebishwa ilenge sawasawa kwa mita 180, kichwa chake kitakuwa kimeshuka karibu nusu mita kikifika mita 365, na karibu mita nzima kikifika 460. Hiyo .30-06 isiyo na jina kubwa nayo hushuka. Tofauti yao kwenye mita 365 haifiki sentimita 20. Baruti yote ile ya ziada, pamoja na bei yake, imenunua urefu wa kiganja. Hatusemi kwamba kiganja si kitu, maana mahali pa moyo na mapafu ya elki pana upana wa sentimita 40 hivi. Twasema kwamba mwindaji aliyekisia umbali vibaya kwa mita 50 amekwisha kukitupa kiganja hicho, hata bunduki yake iitweje. Isitoshe, upepo wa kukingama wa kilomita 16 kwa saa, ambao hautikisi hata kofia, husogeza kichwa hicho kama sentimita 30 kwenye mita 365. Na kwenye mita 460 kichwa hukaa hewani zaidi ya nusu ya sekunde; mnyama anayelisha aweza kupiga hatua katika muda huo, na risasi iliyolenga mapafu ikapasua tumbo.

Likabaki teke. Ndivyo tulivyoamua kuuita ule msukumo wa bunduki begani, na jirani yetu alicheka akasema hakuna jina linaloufaa zaidi. Katika bunduki za uzito mmoja, teke la .338 ni zaidi ya mara moja na nusu ya lile la .30-06, la.300 ni katikati. La 7mm ni karibu sawa na la.30-06 yenyewe. Maumivu si hoja. Hoja ni kwamba bega lililokwisha kupigwa hujifunza, na mwenye bega hufumba macho na kujikunyata kabla kidole hakijamaliza kuvuta kifyatulio. Yeye mwenyewe hajui. Shabaha ndiyo inayojua.

Tulimwandikia pia habari moja ambayo tuliipenda kwa sababu ya yale maneno tuliyoyatenganisha. Mmarekani John Nosler aliwahi kumpiga mnyama yule wa pua ndefu, aliyejaa matope mwilini, kwa .300 ya Holland & Holland, na vichwa vikapasuka juu juu pasipo kuingia ndani. Ganda lilikuwa kubwa, baruti ilikuwa tele, kilichoshindwa ni kichwa. Akaunda kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, sehemu ya mbele itanuke na ya nyuma ibaki nzima. Kikaanza kuuzwa mwaka 1948 na kinauzwa hadi leo. Tangu miaka ya 1980 viko pia vichwa vya shaba tupu, na jimbo la California limepiga marufuku madini ya risasi katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Kwa Kiswahili basi huko wanawinda kwa risasi isiyo na risasi. Wanafunzi wetu wa kidato cha pili walilifurahia sana fumbo hilo.

Wako wanaotaka kupiga mbali zaidi, mita 700 au 1,000, na kwao zimetengenezwa risasi mpya kama .300 PRC ya mwaka 2018 na 7mm PRC ya mwaka 2022, zenye vichwa virefu vilivyochongoka, ambavyo hukata hewa bila kupoteza mwendo upesi. Kwa shabaha ya chuma uwanjani ni mchezo mzuri wa hesabu, nasi hatuna neno nao. Kuna pia .338 Lapua Magnum, iliyokuzwa katika miaka ya 1980 kwa ajili ya wadunguzi wa jeshi. Hiyo tuliitaja kwa mstari mmoja tu, kwa kuwa tulijua ni nani atakayesomewa barua.

Mzee alisomewa barua yote jioni mbili mfululizo. Hakuuliza lolote kuhusu jouli. Aliuliza: "Akikimbia na jeraha, utamfuata mpaka wapi?" Kijana akajibu kwamba atamfuata mpaka ampate au giza limzuie, na kesho yake arudi. "Basi chagua ile ambayo haitakulazimu kufuata." Jumamosi moja wenzake walimwazima bunduki zote tatu uwanjani, akapiga karatasi kwa mita 180 na kwa mita 275. Matundu ya .338 yalisambaa kama punje za mahindi zilizomwagika. Ya .300 yalikuwa mazuri kwa risasi tano za kwanza, kisha yakaanza kutangatanga. Ya 7mm yalikaa pamoja hadi mwisho, yote yangefunikwa na kisahani cha chai. Akanunua hiyo, iliyotumika, pamoja na vichwa vya shaba tupu, akajiwekea mpaka wa mita 275. Mmoja wa wenzake alimcheka kwa mpaka huo. Sisi twaona ni sehemu bora ya uteuzi wote, kuliko hata risasi yenyewe.

Msimu ulipofunguliwa alipanda mara nne, akaona elki mara mbili, wote wakiwa ng'ambo ya bonde, mbali kupita mpaka wake. Hakufyatua. Mwaka huu atapanda tena.

Limebaki deni moja la lugha. Ule usogezaji wa upepo tuliuita mpeperuko, lakini mzee anasema mpeperuko ni wa bendera na nguo, kitu kizito hakipeperuki. Tumejaribu msukumo, ukagongana na teke. Tumejaribu mchepuko, na jirani yetu anasema huo ni wa njia ya kando. Mwalimu yeyote wa Pwani au wa Kivu mwenye neno linalofaa tunamwomba alitume kwa mhariri kabla ya Oktoba.