Kocha anayeanza kwa kuhesabu watakaoondoka

Leo naomba tuache siasa kidogo, tuzungumze michezo. Tena si soka, ambalo kila mtu hapa Nyanda za Juu Kusini ni mtaalamu wake, bali mpira wa kikapu, ule wa vyuoni, unaochezwa jioni kwenye uwanja wa saruji huku baridi ya Iringa ikikuingia mifupani. Nina sababu yangu ya kuuchagua. Nitaisema mbele ya safari.

Hebu jiulize: ungekuwa kocha, halafu ukajua kwa hakika kwamba kila mwaka theluthi ya timu yako itaondoka, na huna mshahara wala mkataba wa kuizuia, ungefanyaje? Simba au Yanga ikipoteza mchezaji mmoja, magazeti yanaandika wiki nzima. Kocha wa chuo anapoteza wanne au watano kila Julai, na hakuna anayempa pole. Cheti ni mwaka mmoja, shahada nyingi ni miaka mitatu. Mtihani wa mwisho ukikamilika kijana anafunga begi, anashuka stendi, basi.

Namfahamu kocha mmoja wa kikapu wa chuo kimoja hapa Iringa. Hataki nimtaje, nami namheshimu. Wote tunamwita Mwalimu, kwa sababu ndiyo kazi yake ya mchana. Ukocha anaufanya kwa mapenzi. Ana kauntabuku lenye jalada jeusi ambalo nilidhani lina michoro ya mbinu. Kumbe lina majina tu, tena hayakupangwa kwa nafasi uwanjani. Yamepangwa kwa mwaka wa kuondoka.

Mchezaji mpya akija, swali la kwanza la Mwalimu halihusu urefu wala timu aliyotoka. Anauliza: unasoma kozi gani? Mwanzoni nilidhani ni maswali ya mwalimu tu. Baadaye nikaelewa. Uhandisi pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ni miaka minne. Udaktari ni mitano. Ualimu wa shahada, kama ule wa Mkwawa, ni mitatu. Kwa hiyo kijana wa kawaida anayesoma kozi ndefu anaweza kuwa na faida kwa timu kuliko fundi wa mpira aliyekuja kuchukua cheti cha mwaka mmoja. Yule fundi atakupa kombe moja, huyu wa kawaida atawafundisha wengine watatu.

Tena miaka mitatu si mitatu kweli. Ukitoa mitihani, likizo, na ile miezi ya katikati ya mwaka ambapo wanafunzi wanatawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo, Mwalimu anapiga hesabu kwamba mchezaji wa shahada anampata uwanjani kama miezi ishirini hivi. Na hapo hujahesabu sapu, ada, wala mkopo uliochelewa. Kwenye kauntabuku kuna alama ya nyota pembeni ya majina mawili matatu. Nikauliza ni nini. Ni wale ambao ada zao hazieleweki. Hao nao anawahesabu nusu nusu.

Sasa mtu atasema, mbona Marekani makocha wa vyuo wanaishi na hali hiyo hiyo na wanatajirika? Ni kweli, ila tofauti ni kubwa. Kule kocha anachagua. Anasafiri, anakwenda kumwona kijana akiwa bado sekondari, anaongea na mama yake, anampa ufadhili wa masomo. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la juu iliruhusiwa kufadhili wachezaji 13. Huku kwetu mwanafunzi anachagua chuo mwenyewe na anadahiliwa kwa ufaulu wake, mkopo anapewa kwa kuangalia uhitaji, na hakuna mahali kwenye fomu panapouliza kama unaweza kudaka ribaundi. Kazi ya kusaka wachezaji, kwa Mwalimu, ni kusimama karibu na foleni ya usajili wa mwaka wa kwanza akitazama vichwa vinavyozidi vingine.

Lakini hesabu ya kuondoka ni ile ile, na Watanzania tuna mfano wetu. Mnamkumbuka Hasheem Thabeet? Kijana wa Dar es Salaam, mrefu kupita mlango, alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006 chini ya kocha Jim Calhoun. Alicheza misimu mitatu. Mwaka 2009 timu yake ilifika nne bora ya taifa, na miezi michache baadaye akachaguliwa wa pili kwa wachezaji wote walioingia NBA mwaka huo, akaenda Memphis. Sisi huku tulishangilia, na tulikuwa na haki.

Ni wachache waliouliza pale chuoni pamebaki nini. Hasheem aliondoka pamoja na wakongwe A.J. Price na Jeff Adrien waliokuwa wamemaliza muda wao. Nguzo tatu kwa mpigo! Msimu uliofuata timu haikupata hata nafasi kwenye mashindano makubwa ya taifa. Lakini mwaka mmoja kabla ya kuondoka kwao, 2008, alikuwa ameingia kijana anaitwa Kemba Walker. Alicheza msimu mmoja pembeni ya wakubwa hao, akiwatazama na kujifunza. Mwaka 2011 huyo Kemba ndiye aliyeiongoza timu hiyo kuwa bingwa wa taifa, ikiifunga Butler 53 kwa 41 kwenye fainali. Mrithi alikuwa ndani ya nyumba kabla baba hajafungasha.

Siku hizi hata huko Marekani mambo yamekuwa magumu zaidi. Tangu Oktoba 2018 kuna utaratibu wa mtandaoni ambako mchezaji anaandikisha jina lake kwamba anataka kuhama chuo. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na 2024 wakaruhusiwa kuhama kila wakitaka, ilimradi masomo yao yako sawa. Kocha anaweza kuamka asubuhi akakuta nusu ya timu imeaga. Nilipomweleza Mwalimu alicheka sana. Akasema karibu wamfikie.

Ndugu zangu, hapa ndipo nataka tuangalie nyumbani kwetu, na hapa soka linarudi kidogo, mnisamehe.

Mnaikumbuka Mbeya City ya msimu wa 2013/14? Timu ya halmashauri ya jiji, iliyoanzishwa mwaka 2011, ikapanda Ligi Kuu na katika msimu wake wa kwanza chini ya Juma Mwambusi ikashika nafasi ya tatu kwa pointi 49, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba! Uwanja wa Sokoine ulikuwa haushikiki. Wale vijana walikuwa wamekua pamoja. Na waliokua pamoja huwa wanaondoka karibu pamoja. Mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga, Peter Mwalyanzi akaenda Simba, na kabla mwaka haujaisha Mwambusi mwenyewe naye akaitwa Yanga kuwa kocha msaidizi. Mbeya City haikurudi tena tatu bora, na mwaka 2023 ikashuka daraja. Ilipanda tena mwaka 2025.

Njoo Iringa. Lipuli ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017. Mwaka 2018 Adam Salamba akachukuliwa na Simba. Mwaka 2019 Lipuli ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Lindi, ikafungwa na Azam bao moja. Mwaka huo huo kocha Selemani Matola naye akaondoka, na kufikia Desemba alikuwa Simba. Mwaka 2020 Lipuli ikashuka.

Sisemi timu hizi zilishuka kwa sababu ya watu hao tu. Kuna fedha, kuna uongozi, kuna mengi. Wala siwalaumu walioondoka. Mpira wenyewe ni wa miaka michache, familia inasubiri, na klabu kubwa haipigi simu mara mbili. Ninachosema ni kwamba kila wanapoondoka tunashangaa. Tunasema tumeporwa, kana kwamba Kariakoo ilianza kutamani wachezaji wa mikoani jana. Kuondoka kwao kulikuwa kwenye kalenda, ni sisi tu hatukuifungua.

Mwalimu wangu wa Iringa anaifungua kila Oktoba. Nimezisoma kanuni zake nikaziona tatu.

Ya kwanza, kati ya wachezaji 12, hakuna mwaka mmoja unaoruhusiwa kuzidi watu watano. Hii ilimgharimu kuijifunza. Aliwahi kupata vijana saba wa darasa moja, wote wazuri. Kwa misimu miwili hakuna chuo kilichowaweza, Iringa wala Mbeya. Walipomaliza alibaki na watoto watano wasiojua hata wasimame wapi. Tangu hapo yuko radhi kumwacha nje mchezaji mzuri wa mwaka wa tatu ili nafasi hiyo aipate wa mwaka wa kwanza asiyejua kitu. Nilimbishia sana juu ya hili. Mwaka jana nilimwona kijana mmoja wa mwaka wa tatu akitajwa kwamba hayumo kwenye safari ya Mbeya, akageuka akatazama ukuta. Ile safari ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Ni mpango mzuri, lakini una watu unaowaumiza, na Mwalimu analijua hilo. Alimfuata yule kijana pale ukutani, wakakaa hadi giza.

Ya pili, kila anayeondoka ana wake. Mchezesha timu wa mwaka wa tatu anapewa mtoto wa mwaka wa kwanza, wanafanya mazoezi pamoja, na dakika za mwisho za kila mechi ambayo matokeo yake yameshajulikana mkubwa anatoka mdogo anaingia. Mbinu za timu ni tatu tu na hazibadiliki mwaka hadi mwaka. Mwalimu hafundishi tena mbinu hizo, zinafundishwa na wachezaji wenyewe.

Ya tatu ndiyo iliyonigusa. Ukurasa wa mwisho wa kauntabuku una majina ya walioondoka na mahali walipo. Makambako. Tunduma. Sumbawanga. Mafinga. Wengi ni walimu wa sekondari sasa. Na hao ndio wanaompigia simu: Mwalimu, kuna binti huku kidato cha sita, ana mikono kama mabawa, mwambie kuhusu chuo chetu. Kocha asiye na bajeti ya kusaka wachezaji ana wasakaji kuanzia Njombe hadi Rukwa, na wote ni watu aliowapoteza.

Hapo ndipo nilipofunga mdomo wangu wa kubisha.

Sasa ile sababu yangu. Nimeitwa Dar. Chombo kimoja cha habari kimenipa barua, na nimekubali. Redio zetu za mikoani ni kama timu ya chuo: unafika hujui kushika kinasa sauti, unafundishwa na kaka na dada waliokutangulia, na siku unapoanza kuaminiwa, simu ya Dar inaita. Mhariri wangu, ambaye ni mama wa makamo na amewaaga wengi kabla yangu, alipoisoma barua hakununa. Aliuliza swali moja: kijana wangu, dawati la michezo unamwachia nani?

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Sasa ninalo. Pale redioni kuna binti yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, ana masikio makali na haogopi kuuliza swali mara ya pili. Jumamosi kuna mechi, timu kutoka Mbeya inakuja. Ataripoti yeye, ataongea na makocha yeye, na jina litakalosomwa hewani ni lake. Mimi nitakuwa benchi nikishika betri za akiba.

Na namba yangu ya Dar nimeshampa Mwalimu. Ameiandika ukurasa wa mwisho.

Nawasilisha.