Wapagazi Hawana Bendera

Askari wa milimita 28 anapakwa nyeusi mwili mzima kwanza, halafu kaki, halafu ngozi. Macho mimi huwa nayaacha. Ukiwa umesimama kando ya meza, nani atayaona? Napaka majeshi ya vita vya Tanga, Novemba 1914: kikosi cha Waingereza kilicholetwa kwa meli kutoka India, watu kama 8,000, dhidi ya kama 1,000 wa Lettow-Vorbeck, wengi wao askari Waafrika.

Utamu wenyewe ni bendera. Unaichapisha kwenye karatasi pande mbili, unapaka gundi, unaikunjia kwenye waya, kisha unaipinda kabla haijakauka ili ionekane inapepea. Ukingo mweupe wa karatasi nao uupake rangi, la sivyo ni karatasi tu. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, na hapo hapo wale watu wa risasi na rangi wanakuwa jeshi la Mjerumani.

Sasa wapagazi. Vita vile vilibebwa kichwani, pande zote mbili, na waliobeba walikufa zaidi kwa njaa na maradhi. Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps iliyotamkwa Kiswahili.

Rafiki ninayecheza naye akasema, “Wabandike ya Mjerumani, kaka, yaishe.”

Yaishe vipi? Wengi walikamatwa tu vijijini.

Nimewapaka shuka, kila mmoja na mzigo wake. Tundu la mlingoti kwenye kibao chao nimeliziba kwa gundi na mchanga.