Busia: Soko lililopitiwa na mpaka

KAMA hujawahi kufika Busia, msomaji mpenzi, panga safari. Panda basi la usiku jijini Nairobi, upite Nakuru na Kericho ukiwa umesinzia, na mapambazuko yakukute Kisumu. Kutoka hapo gari hushika njia ya Maseno, pale ambapo mstari wa ikweta hukata barabara, kisha Luanda, Yala, Ugunja na Bumala. Mashamba makubwa ya chai huwa umeyaacha mbali. Sasa unaona vishamba vya mihogo, mahindi na mtama, na karibu kila boma lina mwembe wake. Kabla jua halijawa kali utakuwa umefika mwisho wa Kenya.

Nasema mwisho wa Kenya kwa sababu ndivyo ramani isemavyo. Lakini ukishuka garini hutaona mlima wala mto uliotenganisha nchi mbili hapo mjini. Jina lenyewe ni moja: kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na majumba ya upande huu yanatazamana na majumba ya upande ule kama majirani wanaogombania ua.

Mpaka huu uliwekwa na Waingereza. Hadi mwaka wa 1902 sehemu hizi zilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo zikahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hakuna aliyewauliza wenyeji. Wateso wakajikuta wako huku na huku, na Wasamia vivyo hivyo. Mtu alilala akiwa jirani ya shemeji yake, akaamka shemeji yake akiwa mgeni wa nchi nyingine. Ndiyo maana hadi leo sokoni utasikia "mulembe" na "yoga" kabla hujasikia "habari ya asubuhi".

Sokoni alfajiri

Ukitaka kuijua Busia, usianze na maduka wala hoteli. Damka mapema uende sokoni. Wakulima huanza kuwasili kukiwa bado na ukungu. Wanatoka Butula, Nambale, Amukura na Funyula, wengine kwa matatu, wengine kwa baiskeli, na wengine kwa miguu wakiwa na mizigo vichwani. Utaona mihogo iliyokaushwa ikawa myeupe kama chaki, wimbi, mtama, njugu, simsim, viazi vitamu vyenye udongo bado, mafungu ya mrenda na kunde, na kuku waliofungwa miguu wakilalamika kwa sauti. Omena hutoka upande wa ziwa, Sio Port na Port Victoria. Ndizi na nanasi nyingi huvuka kutoka Uganda.

Wauzaji wengi ni wanawake. Nilimkuta mama mmoja wa makamo amekaa juu ya gunia lililokunjwa, mbele yake kuna mihogo mikavu, wimbi na beseni la njugu.

"Hujambo mama?"

"Sijambo mwanangu. Nunua njugu, ukale njiani."

Nilinunua, nikachuchumaa, tukazungumza. Shamba lake ni ekari moja na robo huko Amukura. Mihogo ni yake, wimbi ni lake, lakini njugu ni za dada yake aliyeolewa ng'ambo, upande wa Tororo. Dada mmoja analima Kenya, mwingine analima Uganda, na soko lao ni moja. Mtoto wa huyu wa Kenya yuko kidato cha tatu, na mihogo ile aliyoikalia ndiyo karo ya muhula.

Nilimwuliza swali ambalo sisi watu wa mjini hupenda kuuliza: je, mazao ya Uganda hayamharibii bei?

Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Mahindi ya Uganda yakija wakati ninavuna, bei yangu inaanguka na ninalia. Lakini mwezi wa tano, ghala langu likiwa tupu, yasipokuja nitalisha watoto nini?"

Msomaji, jibu hilo lina elimu kubwa. Sisi tumezoea kusema mkulima ni mwuzaji na mtu wa mjini ni mnunuzi. Mkulima mdogo wa Busia ni wote wawili. Mwezi wa saba na wa nane, mavuno yanapoingia, huuza haraka kwa sababu ana madeni na karo, na wakati huo kila mtu anauza, kwa hiyo bei iko chini. Miezi michache baadaye hurudi soko lile lile kununua chakula, na wakati huo kila mtu ananunua, kwa hiyo bei iko juu. Mpaka ukifunguliwa anaumia mara moja, na ukifungwa anaumia mara nyingine.

Hili lilionekana wazi tarehe 5 Machi, 2021, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Sumu hiyo ni ya kweli na imewahi kuua watu humu nchini. Siku chache baadaye marufuku ililegezwa na masharti yakawekwa: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba umepimwa. Mwenye lori aliweza kutafuta cheti. Mama mwenye magunia mawili angekipata wapi?

Gorogoro na ujanja wake

Kabla hujanunua chochote katika soko hili, jifunze neno gorogoro. Huo ni mkebe wa kilo mbili, na ndio mizani ya maskini. Gunia la kilo 90 la mahindi hutoa gorogoro 45.

Lakini si kila gorogoro ni gorogoro. Wako madalali wanaokuja na mkebe uliogongwa kutoka ndani mpaka kitako chake kikafura. Huo ndio wa kununulia. Wanapouza hutoa mwingine, uliogongwa kutoka nje mpaka kitako kikaingia ndani. Hebu tupige hesabu pamoja. Mkebe ukizidi kwa sehemu moja tu juu ya kumi, gunia lako la gorogoro 45 litahesabiwa kuwa gorogoro 41 hivi. Gorogoro nne zimepotea mbele ya macho yako, na hakuna aliyeiba chochote mfukoni mwako. Chakula cha siku kadhaa cha familia kimekwenda ndani ya kitako cha mkebe.

Mama yule alinionyesha mkebe wake. Ulikuwa umenyooka, na amekataa kumwazima mtu. "Huu ndio hakimu wangu," aliniambia.

Njia za panya

Dada yake alifika karibu saa tatu, akiwa nyuma ya baiskeli iliyobeba gunia la njugu. Baiskeli hizo zina historia. Inasemekana ni hapa Busia ambako neno "boda boda" lilizaliwa, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwabeba wasafiri na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha nchi hii na cha nchi ile, wakiita abiria kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza. Leo neno hilo limeenea kote Afrika Mashariki, na pikipiki zimechukua mahali pa baiskeli. Utawaona pia watu wenye ulemavu wakivusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Hao nao wana watoto wa kusomesha.

Dada huyu alinisimulia kisa chake. Wakati mmoja alikuwa na magunia matatu ya njugu. Aliogopa kupita langoni kwa sababu aliambiwa ushuru wake ungemaliza mzigo wote. Akapita njia ya panya, usiku, kwenye mashamba ya watu. Alimlipa mwenye baiskeli. Alimlipa kijana aliyesema anaijua njia. Mbele kidogo akajitokeza mtu asiye na sare, akasema yeye ndiye mkubwa wa hapo, naye akalipwa. Mvua ikanyesha, na sehemu ya mzigo ikalowa. Alipofika sokoni na kufanya hesabu, gunia moja zima lilikuwa limekwenda kwa watu waliomvusha.

"Na ushuru wenyewe ungekuwa kiasi gani?" nilimwuliza.

Alinyamaza kidogo. "Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba haukuwapo."

Naye alikuwa amesema kweli. Umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka wa 2005, na upo utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo katika orodha iliyokubaliwa, hauhitaji makaratasi ya lori. Unapata cheti chepesi cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, na ushuru wa forodha hautozwi. Magunia matatu ya njugu hayakaribii thamani hiyo hata kidogo.

Tusidanganyane kwamba hilo linamaliza matatizo yote. Vyakula na mimea bado huhitaji kukaguliwa na kupata cheti cha afya, foleni zipo, na mtu asiyejua kusoma anaweza kurudishwa dirisha hadi dirisha mpaka jua litue. Lakini sasa dada huyu hupita langoni mchana. Anasema siku ya kwanza magoti yalimtetemeka. Alipotoka upande wa pili akiwa na karatasi yake mkononi na magunia yake yote, alikaa chini ya mti akacheka peke yake.

Malaba ya malori

Ukitaka kuona tofauti ya mzigo mkubwa na mzigo mdogo, panda matatu uende Malaba, kilomita kama 30 kaskazini. Njiani utapita Alupe, penye kituo cha utafiti wa kilimo. Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa mihogo ulivuka kutoka Uganda, majani yakapata madoa ya manjano na kujikunja, na mashamba ya Busia na Teso yakaangamia. Alupe ni miongoni mwa mahali palipojaribiwa aina za mihogo zinazostahimili ugonjwa huo, nyingine zikitoka Uganda huko huko ulikotoka ugonjwa. Maradhi yalivuka bila cheti, na dawa nayo ikabidi ivuke.

Malaba ni mji wa malori. Hapa ndipo barabara kuu kutoka Mombasa inapoingia Uganda, na reli iliyofika Kampala mwaka wa 1931 hupita hapa pia, juu ya mto Malaba. Malori ya mafuta na makasha hujipanga foleni ambayo wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka wa 2020, ilikuwa ya kilomita nyingi, madereva wakisubiri kupimwa. Kila lori lina wakala wake wa kushughulikia karatasi. Dereva hukaa kivulini akinywa chai.

Na kati ya malori hayo hupita wanawake wakiuza ndizi, njugu na mahindi ya kuchemsha, mavuno ya vishamba vyao, yakiwa kwenye masinia vichwani. Hawana wakala. Nilitazama sinia moja likipita kando ya gurudumu kubwa la lori, na nikayakumbuka maneno ya yule dada wa njugu. Mwenye tani 30 hulipa kinachosema sheria. Mwenye magunia matatu, kwa kutoijua sheria, hulipa zaidi.

Ukienda, jionee

Busia na Malaba sasa zina vituo vya pamoja vya mpakani. Kile cha Busia kilifunguliwa rasmi tarehe 24 Februari, 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni. Anayeingia Uganda hukaguliwa mara moja tu upande wa Uganda, na anayekuja Kenya hukaguliwa upande wa Kenya. Mkenya anaweza kuvuka kwa kitambulisho chake cha taifa. Basi usishawishiwe na kijana atakayekuambia anajua njia fupi. Nenda dirishani, kisha uvuke utembee hadi Sofia, upande wa pili, uone kwamba mihogo ni ile ile na salamu ni zile zile.

Nanyi wanafunzi mnaosoma somo la biashara, mkifika msikae hotelini tu. Kaeni karibu na mama mmoja asubuhi moja, mhesabu gorogoro zake pamoja naye. Na kama mnajua kusoma fomu za forodha, msomeeni. Huenda fomu moja ikawa ni karo ya muhula mmoja.

Nilipoondoka, mama wa Amukura alikuwa ameuza zaidi ya nusu ya mihogo yake. Nilimwuliza kama karo imetimia. Alitikisa mkebe wake, ukalia, akasema, "Bado gorogoro tisa, mwanangu. Lakini jua nalo bado liko juu."