Glavu za Kijana Wangu

Wiki mbili zilizopita kitinda mimba wangu, mwenye umri wa miaka 16, alirudi nyumbani kwetu Kibera na glavu za ndondi ndani ya mfuko wa karatasi. Mamake alizitazama, akanitazama mimi, kisha akaendelea kukatakata sukuma wiki bila kusema neno. Alijua mtoto ameurithi ugonjwa huo kwa nani.

Mwaka wa 1988 nilikuwa kijana wa Kawangware, kibarua wa mjengo. Habari zilipotufikia kwamba Robert Wangila Napunyi amemwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili huko Seoul na kutwaa dhahabu ya Olimpiki, watu walitoka nje wakipiga sufuria. Dhahabu nyingine nne za Kenya mwaka huo zililetwa na wakimbiaji Ngugi, Ereng, Rono na Kariuki. Lakini mbio, ndugu msomaji, sisi tuliziona ni za watu wa milimani. Wangila alikuwa mzaliwa wa Nairobi.

Kabla ya mwezi kwisha tulikuwa vijana tisa tukipiga gunia la mchanga lililoning'inizwa kwenye mparachichi. Glavu zilikuwa jozi mbili. Hadi leo taya langu hulia ninapotafuna mahindi ya kuchoma.

Wangila alienda Marekani kupigana ndondi za kulipwa. Mnamo Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, refa alisimamisha pigano lake na David Gonzalez katika raundi ya tisa. Baadaye akazirai, na siku mbili baada ya pigano akafariki kwa jeraha la ubongo. Alikuwa na miaka 26. Kwa kuwa alikuwa amesilimu, hata mazishi yake yalizua mzozo, ukafika mahakamani.

Mama hakujua kusoma, lakini siku hiyo aliniomba nimsomee gazeti lote. Nilipomaliza alisema, "Mwanangu, huyo alikuwa bingwa wa dunia nzima. Wewe ni bingwa wa wapi?"

Sikurudi tena kwenye mparachichi.

Hayo yote nilimsimulia kijana wangu. Nilimwambia pia, maana singeweza kumficha, kwamba mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Baba, uliacha kwa ajili ya nyanya, au uliogopa?"

Nilimtuma dukani.

Jumamosi nilimsindikiza hadi Kawangware, kwenye ukumbi anakofanyia mazoezi. Nilimfunga kamba za glavu mwenyewe, nikaketi karibu na mlango. Alipopigwa ngumi ya kwanza puani nilijikuta nimesimama. Kocha, kijana mdogo tu, alinipungia mkono niketi.

Mamake anadhani tulienda kumwona shangazi.